Saa ya Jua

4 Januari

Joto. Shule zinakaribia kufunguliwa, na mume wangu, ambaye ni fundi cherehani, amejaza vitambaa vya sare mpaka juu ya kitanda. Nimerudi kutoka zamu nikamkuta kajiinamia mbele ya cherehani lililozima, shati moja mapajani, mkono mmoja umeshonwa, mwingine unaning'inia. Mama mkwe, anayeishi nasi na asiyemwogopa mtu, hakunipa hata pole ya kazi.

"Umezima tena," alisema, kama vile nimekula nyama ya nyumba nzima peke yangu.

Sikubisha. Ni mimi kweli niliyezima. Mimi ni mhandisi wa zamu kwenye chumba cha udhibiti wa gridi ya taifa. Jua likizama umeme hautoshi, na lazima mtu aamue ni mtaa upi ukae gizani. Msimu huu mtu huyo ni mimi. Leo ilikuwa zamu ya mtaa wetu. Ningeuruka, ningekuwa mwizi mwenye kitambulisho cha kazi.

7 Januari

Mkurugenzi amekuja kututembelea. Tunamwita Asilimia, kwa sababu hata mkewe alipolazwa na tukamuuliza hali yake, alijibu kwamba amepona asilimia themanini. Leo kaja na lengo jipya la taifa: kabla msimu huu haujaisha, nusu ya umeme wa nchi utoke juani. Tukapiga makofi. Makofi yale ya watu wanaosubiri soda.

Nikauliza betri zitakuja lini. Kule kwenye shamba kubwa la paneli tumejenga jengo zima la kuziweka, lina viyoyozi na mlinzi wake, ndani hamna kitu.

"Betri hazizalishi umeme, mama," alisema. "Lengo linahesabu uzalishaji."

Ndiyo hivyo basi. Fungu la betri limenunua paneli nyingine, kwa sababu paneli inaingia kwenye hesabu na betri haiingii. Matokeo yake mchana jua linatuzidi. Nabonyeza kitufe, na ekari kwa ekari za paneli zinabaki zinaota jua bure kama watalii. Jioni tunachoma dizeli. Bwawa limekauka hadi kingo zinaonekana, halisaidii sana. Dizeli isipotosha, tunawazima watu. Halafu asubuhi redio inatangaza kwamba tunakimbilia nusu.

Wizara imetuletea na mchumi wake akae nasi msimu mzima. Kijana, viatu vinang'aa, kikokotoo hakimtoki mkononi. Kwenye zamu tumeshampa jina: Kikokotoo. Kitu cha kwanza alichouliza ni wapi pa kuchajia simu. Simpendi.

9 Januari

Mgao. Hakuna jipya.

13 Januari

Muuguzi mkuu wa hospitali ya watoto anapiga simu kila alasiri. Hasalimii siku hizi. "Leo ni sisi?" Laini yao ni moja na mtaa mzima wa nyuma yao, kwa hiyo nikizima mtaa nazima na wodi. Wana jenereta, lakini anasema linakohoa kuliko wagonjwa. Leo nilimwambia hapana, si nyinyi. Akashusha pumzi mpaka nikaisikia. Kisha akasema, "Haya, Mungu akuweke," nikajisikia vibaya, kwa sababu nilikuwa nimeshahamishia giza kwenye soko.

18 Januari

Kikokotoo kanijia leo, uso umemshuka.

"Dada, ule umeme mnaoutupa mchana, mnauandika wapi?"

"Hatuuandiki popote. Haukuzalishwa."

"Unaandikwa. Kwenye hesabu za lengo, wamehesabu ule ambao paneli zingeweza kutoa. Hata ambao hatukuutumia."

Alikuwa kama mtu aliyeuma tunda akakuta nusu ya funza. Nikamwuliza alidhani asilimia zile zinatoka wapi, mbinguni? Akasema alidhani zinatoka kwangu.

Tumekaa hadi zamu ikaisha akinionyesha hesabu zake. Kila kiasi tunachotupa saa sita mchana, tunakinunua tena jioni kwa njia ya dizeli, kwa bei ya kutisha. Betri zingejilipa zenyewe ndani ya miaka michache, na kuanzia hapo zingekuwa faida tupu. Anaeleza vizuri, hajidai. Viatu bado vinang'aa lakini nimeanza kumzoea.

Kinachonikera si uongo wenyewe. Ni uvivu wake. Hata hawakuhangaika kuuficha.

27 Januari

Mwenye duka la pembeni kaniuliza nataka maziwa yaliyochacha leo au yaliyochacha jana, maana friji lake siku hizi ni kabati. Watu waliokuwepo walicheka wote. Wanajua ninapofanya kazi. Nikalipia sabuni nikaondoka.

Nyumbani mapacha wetu walikuwa wanasoma kwa mshumaa mmoja, wanagombania upande wenye mwanga. Baba yao anashona mchana tu sasa, sare zimechelewa, wazazi wanakuja kumfokea mlangoni. Hajanilaumu hata mara moja. Ingekuwa nafuu angelaumu.

2 Februari

Leo roho imenichafuka. Naandika ili niweze kula.

Tumeitwa mkutanoni. Wageni wanakuja, watu wa mikopo na mawaziri wa nchi za jirani, na Asilimia amepata wazo. Siku hiyo, saa sita mchana kamili, tutazima mitambo yote ya dizeli na kufunga milango ya bwawa, na kwa muda wa saa nzima nchi itaendeshwa na jua peke yake. Imepewa jina: Saa ya Jua. Kwenye ukumbi wa mikutano kutakuwa na skrini kubwa kama ukuta, na namba itapanda mpaka mia kwa mia huku Waziri akihutubia.

Nikanyoosha mkono. "Na wingu likipita?"

"Hiki ni kiangazi, mama."

"Mwisho wa kiangazi. Wingu moja kubwa likikaa juu ya lile shamba, umeme unashuka kama mtu aliyeteleza ngazini. Betri hatuna. Dizeli ikiwa imelala inataka robo saa kuamka. Hiyo robo saa tutasimama na nini?"

"Wewe umeomba mvua?" akauliza Asilimia. Chumba kizima kikacheka. Wahandisi wenzangu, niliosoma nao, wanaojua kila neno nililosema ni kweli, walicheka hadi mabega yakawatikisika. Niliwatazama mmoja mmoja. Nilihisi kinyaa kile cha kukuta unywele mrefu kwenye chakula ambacho umeshakimeza.

Ndipo Kikokotoo akasimama. Sikutegemea. Akasema fedha za sherehe hiyo peke yake, ukumbi, skrini, mabango, zingenunua betri za kutosha kuilinda hospitali ya watoto. Akaanza kutaja na mengine.

"Kijana," Asilimia alimkatiza, bado anatabasamu, "wewe uliletwa hapa kuhesabu, hukuletwa kufikiri."

Wakacheka tena, wale wale.

5 Februari

Kikokotoo anamwandikia Waziri waraka. Kanisomea kurasa za mwanzo tukiwa kantini. Ni mzuri, mwepesi, hata mama mkwe angeuelewa. Nilimwonya watamla mzima. Akasema, "Dada, nisiposema mimi mwenye namba, atasema nani?"

Nilitembea kwenda nyumbani nimenyooka kidogo.

11 Februari

Kikokotoo aliitwa wizarani. Amerudi mchana. Nikamwuliza waraka vipi.

"Unahitaji kuiva kwanza," alisema.

Kuiva. Baadaye mwenzangu wa zamu akaninong'oneza kwamba kijana kaahidiwa masomo ya ng'ambo. Sikumwuliza. Alikuwa amejiinamia, anafuta kioo cha kikokotoo chake kwa ncha ya tai, anafuta, anafuta.

16 Februari

Tumefanya mazoezi ya Saa ya Jua. Imefanikiwa. Anga jeupe, hakuna hata kiwingu cha kufutia jasho. Asilimia kaleta soda. Nilikunywa. Ilikuwa ya moto.

19 Februari

Mawingu jioni, upande wa milimani. Mtaa mzima ulitoka nje. Mama mkwe alipanga ndoo zote chini ya bati, na sufuria, na beseni la kuoshea mapacha walipokuwa wachanga. Haikunyesha. Akaziacha hapo hapo. "Zikae zisubiri," alisema. "Sisi mbona tunasubiri?"

20 Februari

Jenereta la hospitali limekufa. Muuguzi mkuu kapiga simu, sauti ya chini, kama mtu anayeongea karibu na aliyelala. Wana watoto njiti kwenye mashine za joto na za hewa. Kipuri kimeagizwa. Nikamwahidi kwamba jioni sitaigusa laini yao mpaka kipuri kifike, hata kama itabidi nizime nyumba ya mama yangu.

Saa hiyo hiyo agizo likaja kutoka kwa Mkurugenzi: kuanzia kesho, laini ya ukumbi wa mikutano pamoja na hoteli zinazouzunguka ni laini nyekundu. Haizimwi kwa sababu yoyote. Imefungwa kwenye mfumo. Kuifungua kunataka namba ya siri ya mhandisi wa zamu na ya mwakilishi wa wizara, zote mbili. Mwakilishi wa wizara ni Kikokotoo.

Nikapeleka maombi ya kuifunga na laini ya hospitali namna hiyo hiyo. Nikajibiwa kwamba nyekundu ni moja tu.

22 Februari

Saa ya Jua imepita. Nitaandika yote.

Asubuhi ilikuwa safi. Kufika saa nne kulikuwa na utando upande wa milimani, mweupe, wa kudharaulika. Nilimpigia Asilimia. Alikuwa ameshafika ukumbini, nasikia ngoma na watu wakipima vipaza sauti. Nikamwomba niache angalau mtambo mmoja wa dizeli uungurume pembeni, bila kuhesabiwa.

"Kuna watu wa nje wanaangalia namba moja kwa moja," alisema. "Wakiona dizeli, tumeaibika."

Saa sita tukazima dizeli. Tukafunga bwawa. Namba ikapanda, tisini, tisini na tano, mia. Kwenye simu ya Kikokotoo, aliyekuwa amekaa nyuma yangu akiwasiliana na ukumbi, nilisikia makofi kama mvua ya mawe. Waziri akaanza kuhutubia.

Mlinzi wa shamba la paneli ndiye aliyenipigia. "Mama, huku kumekuwa giza. Kuku wa jirani wanapanda kulala."

Nikatazama skrini. Namba ya uzalishaji ilikuwa imeanza kuteremka, na haikuteremka kwa adabu. Nikampigia Asilimia.

"Wingu limefika. Naamsha dizeli."

"Waziri yupo jukwaani! Vumilia."

"Gridi haijui kuvumilia, bosi."

"Nimesema vumilia!" Akakata.

Nikawaamuru watu wa dizeli wawashe. Wakauliza kwa amri ya nani, nikasema yangu, wakawasha. Lakini robo saa ni robo saa. Mapigo ya gridi, ambayo yanatakiwa yatulie kama ya mtu aliyelala, yalikuwa yanazama. Yakivuka mstari wa chini kila kituo kinajitoa chenyewe, na nchi nzima inazima, na kuirudisha ni kazi ya siku nzima. Ilibidi nipunguze mzigo, mkubwa, sasa hivi. Nilizima viwanda viwili. Haikutosha. Mfumo ukaniletea pendekezo lake, kwa sababu mfumo unafuata uliyofundishwa: zima laini ya hospitali ya watoto na mtaa wake. Ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote zilizoruhusiwa. Iliyoizidi ilikuwa moja tu, na hiyo ilikuwa nyekundu. Ukumbi, hoteli nne, na viyoyozi vyao vyote.

Nikaandika namba yangu ya siri. Mfumo ukauliza ya pili.

"Andika yako," nilimwambia Kikokotoo.

"Dada, Mkurugenzi yuko kwenye simu. Anasema usiiguse nyekundu."

"Nimemsikia. Wewe unasemaje?"

Alikuwa ameishika simu kifuani, kule ndani Asilimia anapiga kelele kama mdudu ndani ya kopo. Alitazama viatu vyake.

"Nitapoteza kila kitu," alisema.

"Kule wodini kuna watoto wanaopumua kwa mashine. Ukumbini nani anapumua kwa mashine?"

Mwenzangu wa zamu akasema mapigo yameugusa mstari. Kikokotoo akainama mbele yangu, akaandika namba yake, akakosea, akafuta, akaandika tena. Nikabonyeza.

Ngoma na hotuba na kelele zote kwenye simu zikakatika kwa mpigo mmoja. Mapigo yakasimama. Yakabaki pale pale, yanatetema, kisha yakaanza kupanda. Dizeli zikaingia moja moja. Kikokotoo alikaa sakafuni kwa suti yake. Nilimshika bega. Nikamwambia, "Umefanya kazi ya mtu mzima leo," na nilimaanisha.

Muuguzi mkuu akapiga. "Taa zimepepesa tu. Ni nini kimetokea?"

"Wote wapo?"

"Wote wapo. Mbona unalia?"

Ndipo niliposikia mvua kwenye paa. Nje watu walikuwa wanapiga vigelegele. Msimu mzima tumeingojea, na mimi nilikuwa naitazama kama adui aliyekuja na zawadi.

23 Februari

Redio: "Licha ya hitilafu ndogo ya kiufundi, taifa limeweka historia kwa kuendeshwa na jua kwa asilimia mia moja." Hawakusema kwa muda gani. Lengo limetangazwa kufikiwa.

Mume wangu akaizima redio, akaniwekea chai mbele, akarudi kwenye cherehani.

24 Februari

Mvua. Ndoo zimejaa.

28 Februari

Kamati ya uchunguzi. Wanaume watano na chupa za maji. Mwenyekiti wao mpole, sauti ya mganga wa meno.

"Mama, sisi hatutaki kumuumiza mtu. Ilikuwa presha, ulibonyeza kimakosa. Sema hivyo, upumzike mwezi mmoja, urudi kazini."

"Sikubonyeza kimakosa."

"Ulikusudia kumzimia Waziri?"

"Nilikusudia kutoizima wodi. Waziri alikuwa ndiye mzigo mkubwa uliobaki."

Mmoja wao alikohoa ili asicheke. Mwenyekiti akafungua chupa yake polepole. Akasema kuna jambo jingine, zito zaidi: laini nyekundu inahitaji namba mbili, na mwakilishi wa wizara ameieleza kamati kwamba yeye hakuandika namba yoyote. Kwamba niliwahi kuichungulia namba yake, na siku ile niliiandika mwenyewe.

Kikokotoo alikuwa amekaa pembeni ya meza. Nilimgeukia. Nilidhani atatazama viatu. Hapana. Alinitazama usoni, macho makavu, mtu aliyekwishafanya hesabu akapata jibu.

Nimemdharau Asilimia kwa miaka, lakini ile ni dharau ya kawaida, kama ya jirani mchafu. Hii ilikuwa nyingine. Niliomba ruhusa, nikatoka, nikatapika kwenye sinki la chooni. Nikanawa uso. Nikarudi nikawaambia, "Andikeni mtakavyo. Ila penye neno 'kimakosa' msiliweke jina langu." Mwenzangu wa zamu, aliyeyaona yote, hakuitwa kuhojiwa. Hakujiita pia.

3 Machi

Nimeondolewa kazini. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo sasa umeme ukikatika si wewe?"

"Si mimi tena, mama."

"Basi nitawatukana kwa raha." Akanisogezea kigoda chake. Katika miaka yote niliyoolewa humu hajawahi kunipa kigoda chake.

8 Machi

Nimekata mikono ya mashati kutwa nzima. Mume wangu anasema nakata kombo. Kweli nakata kombo.

15 Machi

Mvua imekatika kwa muda alasiri, na Kikokotoo akaja. Nilikuwa barazani na mama mkwe, tunakunja nguo. Alisimama uani na mwavuli, viatu vimejaa tope. Mama mkwe, asiyemjua, akamkaribisha, akaondoa mguu kwenye kigoda cha wageni. Nilipomwambia ni nani, aliurudisha mguu wake pale pale juu ya kigoda.

"Dada, sikuja kuomba msamaha," alisema. "Najua hautoshi. Nimekuja kukuletea habari njema. Ulichokipigania kimepita. Betri zimeingia kwenye bajeti. Nimeziandikia hoja mimi mwenyewe, zile hesabu zetu, zote. Waziri kasaini jana."

Moyo wangu, mjinga, uliruka. Miaka yote ile. Nikaona jengo linajaa, jioni mitaa inawaka, mapacha hawagombanii mshumaa.

"Zinafungwa lini hospitalini?"

Akahamisha mwavuli mkono mwingine.

"Hizi za awamu ya kwanza ni za ukumbi wa mikutano. Waziri alisema aibu ile isijirudie. Lakini ni kubwa, dada. Ukumbi unaweza kukaa siku mbili bila gridi."

Nilicheka. Nilicheka mpaka shuka likanidondoka kwenye maji ya mvua. Alisubiri nimalize, anatabasamu kidogo, kama vile huenda nimefurahi. Kisha akaelewa, akaaga, akaondoka akirukaruka madimbwi.

Mama mkwe aliliokota shuka, akalikamua.

"Sijaelewa vizuri," alisema. "Umeme ukikatika sasa, sisi tutakuwa wapi?"

"Gizani."

"Na hospitali?"

"Gizani."

"Na wao?"

"Kwenye taa, mama. Nchi nzima itakuwa giza, na wao peke yao wamekaa kwenye taa."

Alilitandaza shuka kwenye kamba, akalinyoosha pembe zote nne, taratibu, mpaka likakaa sawa.

"Afadhali," alisema. "Tutawaona vizuri."